Damu Kwanza, Sindano Baadaye

Hotuba kwa matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wafamasia

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, waganga wafawidhi, na ninyi nyote mnaokesha wodini: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika 40 kuzungumzia matibabu ya maambukizi ya milango ya moyo na utando wake wa ndani, ugonjwa tunaouita endokaditisi. Naomba nianze na mama mmoja muuza vitumbua.

Nilikuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya wilaya. Mama huyo alimleta binti yake wa kidato cha tatu, akiwa na homa iliyokuwa ikija na kuondoka kwa miezi 2. Binti alikuwa amekonda hadi sketi ya shule imefungwa kwa kamba kiunoni. Mama akaniambia, "Daktari, kila tukimpeleka anachomwa sindano, anapoa, anakula, anarudi shule. Haipiti wiki, homa ile ile." Nikafungua daftari lake. Malaria mara 3, ingawa mara 2 kati ya hizo kipimo kilikuwa hasi. Taifodi mara 2. UTI mara 1. Na chini ya karibu kila ukurasa, seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria: siku 3, siku 5, siku 5 tena.

Ukurasa mmoja ulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwona wiki 3 kabla. Niliweka stetoskopu kifuani, nikasikia mnung'uniko, ile sauti ya ziada ya damu inayopita vibaya kwenye mlango wa moyo, nikauandika. Mstari wa chini yake nikaandika homa, na chini ya hapo nikaandika sindano. Homa na mnung'uniko vilikaa pamoja kwenye karatasi moja na mimi sikuviunganisha.

Tulimpa rufaa. Kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha kitu kama kinyama kinaning'inia kwenye mlango wa mitrali, ulio upande wa kushoto wa moyo, milimita 14, kinacheza kila moyo ukipiga. Kitu hicho leo nitakiita uoto. Damu ikatolewa mara 3, ikaoteshwa maabara ili bakteria wakue na wajulikane, na haikuota kitu. Sindano zetu za siku 3 na siku 5 zilikuwa zimewanyamazisha bakteria kwenye damu bila kuwaua kwenye mlango walikojificha. Wenzangu wa hospitali ya rufaa ikabidi wachanganye dawa 3 kwa kukisia. Siku ya 9 kipande cha uoto kikachomoka, kikapanda ubongoni. Asubuhi mama alimkuta mwanawe hawezi kutamka neno, na mkono wa kulia umelala kitandani kama wa mtu mwingine.

Binti yule alipona maambukizi. Yupo hai mpaka leo, anaongea polepole, anaandika kwa mkono wa kushoto. Shule hakurudi. Kila ninapoalikwa kuzungumzia ugonjwa huu, ni kwa ajili yake.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu adui tunayepigana naye, maana nikitoka hapa bila hilo kueleweka, wiki 6 za sindano zitaendelea kuonekana kama adhabu.

Moyo una milango 4, na inafunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku. Utando unaoifunika ni laini, damu inateleza juu yake na bakteria hawapati pa kushika. Lakini mchukue mtoto aliyeugua mafindofindo bila kutibiwa, akapata homa ya rumatiki, mlango ukakakamaa na kuanza kuvuja. Damu inayorudi kwa nguvu kupitia uwazi ule inauchubua utando. Palipochubuka, chembe sahani na nyuzi za fibrini, vitu vinavyogandisha damu, hujikusanya kama kovu bichi. Halafu siku moja bakteria wanaingia kwenye damu, pengine kutoka kwenye fizi zinazooza, pengine kwenye jipu, pengine kwenye kanula, kile kimrija cha dripu, tuliyoisahau mkononi kwa siku 7. Wanakuta kitanda kimeshatandikwa.

Gramu 1 ya uoto huo inaweza kubeba bakteria zaidi ya bilioni 1. Ndani yake hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo chembe nyeupe haziwafikii. Wale wa katikati wanajigawa polepole mno, karibu wamelala. Na penisilini pamoja na jamaa zake wote humuua bakteria wakati anajenga ukuta wake ili ajigawe. Aliyelala, dawa inampita. Ndiyo maana tunahitaji dozi kubwa, kwa mshipa, na siku nyingi: tunamsubiri kila mmoja wao aamke.

Kuna kisa cha zamani ninachokipenda kwa sababu kinatusuta. Mwaka 1911, jijini New York, mwongozaji wa muziki Gustav Mahler alishikwa na homa isiyokwisha. Tangu mwaka 1907 ilijulikana kwamba milango ya moyo wake ina kasoro. Daktari Emanuel Libman akamwagiza msaidizi wake, George Baehr, amtoe damu waioteshe. Bakteria aina ya streptokoka wakaota. Mahler alitaka aambiwe ukweli, akaambiwa. Akasafirishwa hadi Paris, kisha Vienna, na huko akafa tarehe 18 Mei 1911, akiwa na miaka 50.

Tazameni basi. Madaktari wale walisikia mnung'uniko, wakashuku, wakatoa damu kwa wakati, wakamjua adui kwa jina lake. Dawa hawakuwa nayo. Sisi dawa tunayo hadi kwenye duka la dawa muhimu la kijijini, na jina la adui hatulijui, kwa sababu tumechoma sindano kabla ya kutoa damu. Jambo hili linaniumiza.

Hata penisilini ilipopatikana, wakati wa Vita Kuu ya Pili, majaribio ya kwanza kwa ugonjwa huu yalishindwa. Dozi zilikuwa ndogo na siku zilikuwa chache. Nchini Marekani dawa ilikuwa ya mgawo, ikaonekana wagonjwa hawa ni hasara, wakawekwa kando. Daktari mmoja wa Brooklyn, Leo Loewe, alikataa. Akapata dawa kutoka kwa John Smith wa Pfizer, akaitoa kwa dripu mfululizo, dozi kubwa, kwa muda mrefu kuliko wenzake. Mwaka 1944 alichapisha habari za wagonjwa 7 waliokuwa wamehukumiwa kufa na wakapata nafuu. Alichanganya na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na hiyo baadaye iliachwa kwa sababu ya hatari ya damu kuvuja ubongoni. Penisilini ikabaki. Dawa waliyoitumia walioshindwa ni ile ile aliyoitumia Loewe. Walichopishana ni kipimo na siku.

Turudi kwenye vituo vyetu. Nani wa kumshuku?

Mtu yeyote mwenye homa ya zaidi ya wiki 1 ambaye ana mnung'uniko wa moyo, au anajulikana ana ugonjwa wa moyo wa rumatiki, au alizaliwa na tundu kwenye moyo, au amewekewa mlango bandia, au amewahi kuugua endokaditisi. Malaria imepimwa, hasi. Anatoka jasho usiku, anakonda, damu imepungua. Wakati mwingine anakuja na kiharusi akiwa kijana wa miaka 25, na sisi tunashangaa presha yake iko sawa. Kijana mwenye kiharusi na homa, msikilize moyo kabla hujafanya chochote kingine. Tazama na kucha zake: vistari vyekundu kama vibanzi vya mti chini ya ukucha vinaweza kukusimulia habari ambayo mgonjwa hana.

Ukishashuku, weka sindano chini. Chukua chupa za kuoteshea damu.

Nitasema hili taratibu kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza watu. Safisha ngozi, uache ikauke kabisa, usiuguse tena mshipa kwa kidole baada ya kuusafisha. Kwa mtu mzima jaza mililita 10 katika kila chupa. Kwa mtoto, kiasi kinategemea uzito wake. Toa mara 3, kila mara kwenye mshipa tofauti, mkono huu na mkono ule, kwa sababu chupa 1 ikiota bakteria wa kawaida wa ngozi hutajua kama ni adui au ni uchafu wa sindano yako. Chupa 3 zikiota kitu kimoja, hakuna ubishi. Usisubiri homa ipande. Katika ugonjwa huu bakteria wamo kwenye damu mchana na usiku, homa iwepo isiwepo. Na tafadhali, damu ikishaingia kwenye chupa usiiweke kwenye friji. Nimepokea chupa zilizosafirishwa na barafu kama chanjo, kwa uangalifu mkubwa na nia njema kabisa, na bakteria wengine hawavumilii baridi ile. Ikae kwenye joto la kawaida la chumba, ifike maabara siku hiyo hiyo.

Najua mtaniuliza: na mgonjwa akiwa mahututi? Hapo usimcheleweshe. Presha imeshuka, anahema, anaweweseka: toa damu zote 3 ndani ya dakika 10 na uanze dawa papo hapo. Lakini yule aliyekuja kwa miguu yake na homa ya wiki 5 hafi kwa kusubiri saa 2 za kutoa damu. Anaweza kufa kwa sababu hatukuitoa.

Kwa nini ninang'ang'ania jina la bakteria? Kwa sababu tiba inafuata jina. Akiwa streptokoka wa kinywani, penisilini kwa mshipa au seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku, wiki 4, kwa mlango wa asili kwa kawaida inatosha. Akiwa stafilokoka anayesikia kloksasilini, kloksasilini ni bora, kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa wiki 4 hadi 6. Akiwa enterokoka, seftriaksoni peke yake haimfanyi kitu. Unaweza kuichoma mwezi mzima mkiangaliana na mgonjwa anateketea. Yule anahitaji ampisilini pamoja na seftriaksoni, wiki 6. Mlango ukiwa wa bandia, hesabu yako ianzie wiki 6 na kuendelea, na kama ni stafilokoka, rifampisini na jentamaisini huongezwa. Mnaona? Sindano tunayoipenda kuliko zote ni sahihi kwa mmoja, dhaifu kwa mwingine, na bure kabisa kwa wa tatu.

Mwaka uliopita tabibu mmoja wa kituo cha afya alinipigia simu saa 3 usiku. Ana dereva wa bodaboda, homa wiki 3, malaria hasi, na anasikia mnung'uniko. "Sijampa kitu, daktari. Nimetoa damu tu. Nimekosea?" Nilimwambia hajakosea hata kidogo. Chupa zilikuja na basi la alfajiri ndani ya boksi la kadibodi. Siku ya 2 maabara wakaniita: streptokoka wa kinywani, anasikia penisilini. Kijana yule alipata dawa moja, mara moja kwa siku, wiki 4, akarudi kwenye pikipiki yake. Yule tabibu yuko humu ukumbini. Sitamtaja, lakini anajijua, na ninamshukuru mbele yenu.

Sasa wauguzi, hapa nazungumza na ninyi hasa.

Wiki ya 2 ndiyo mbaya. Homa imeshuka siku ya 4 au ya 5, mgonjwa anakula ugali, anatembea uwanjani, anacheka na wenzake. Nyumbani mahindi yanasubiri kuvunwa. Mume anauliza kwenye simu, "Kama umepona unafanya nini huko?" Ndugu anayelala chini ya kitanda kumuuguza amemaliza nauli. Hapo ndipo watu wanaomba kujiandikia kutoka, au kitanda kinakutwa kitupu asubuhi. Daktari anapita dakika 5. Muuguzi yupo kwa muda wa saa 8. Wengi waliobaki hadi wiki ya 6 walibaki kwa sababu ya muuguzi fulani aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda akawaambia kwa lugha ya nyumbani kwamba homa imeondoka lakini wadudu bado wamo, wamelala kwenye mlango, na tukiacha leo wataamka. Mwambieni siku ya kwanza kabisa ni wiki ngapi, asije akashtukizwa. Mpelekeni mapema kwa afisa ustawi wa jamii, kabla deni halijawa mlima, maana mtu anayetoroka mara nyingi anatoroka bili.

Na siku zihesabiwe vizuri. Siku ya kwanza ya tiba ni ile ambayo damu imetolewa na haikuota tena, siyo siku ya sindano ya kwanza. Kwa hiyo tunarudia kuotesha kila baada ya siku 1 au 2 mpaka iwe safi. Kanula itazameni kila zamu. Ikiwa mkono umevimba au una wekundu, itoeni, kwa sababu kanula chafu itamwongezea stafilokoka mtu mliyekuwa mnamtibu streptokoka. Anayepata jentamaisini apimwe figo, na aulizwe kama masikio yanavuma.

Watu huniuliza kuhusu vidonge. Ni kweli, Denmark walifanya utafiti kwa wagonjwa 400, matokeo yakachapishwa mwaka 2018: waliokuwa imara, baada ya angalau siku 10 za dawa kwa mshipa, walihamishiwa kwenye vidonge na hawakufanya vibaya kuliko waliobaki na sindano. Ni habari njema sana kwa nchi kama yetu. Lakini bakteria wa wagonjwa wale walijulikana kwa jina, moyo ulitazamwa kwa eko ya kupitia umio kabla ya kuwabadilishia dawa, na vidonge vilikuwa vya aina 2 kwa pamoja, kwa dozi kubwa, wakifuatiliwa kwa karibu. Msiitumie habari hiyo kumruhusu mtu aende nyumbani na amoksilini.

Kuhusu upasuaji nitasema kwa ufupi, ingawa ni mzito. Zipo sababu 3 za kumwita daktari wa upasuaji bila kungoja wiki ziishe: moyo unashindwa kazi kwa sababu mlango umechanika, maambukizi hayatulii au yamechimba jipu pembeni mwa mlango, au uoto ni mkubwa, zaidi ya milimita 10, na umeshaanza kurusha vipande. Zamani tulidhani ni lazima damu iwe safi kwanza ndipo kisu kiingie. Tangu mwaka 1965, pale mlango uliokuwa ukiungua kwa maambukizi ulipobadilishwa kwa mafanikio nchini Marekani, tunajua kungoja kunaweza kuua. Na leo hatulazimiki kufikiria India kwanza; Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, inayojitegemea tangu mwaka 2015, inafungua mioyo. Kazi yetu sisi wa mikoani ni kupiga simu mapema. Kama huna eko, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, unayo. Mgonjwa mwenye maambukizi ya mlango wa aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, apigwe ECG kila siku. Ukiona PR, muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini, inarefuka leo kuliko jana, jipu linatafuna waya za umeme za moyo. Usisubiri kesho.

Jambo moja kuhusu vijana wanaojidunga heroini. Kwao bakteria wanapita mshipani moja kwa moja hadi upande wa kulia wa moyo, na vipande vinakwenda mapafuni. Wanakohoa, wana homa, wamekonda, picha ya kifua ina madoa ya duara pande zote. Tunawaanzishia dawa za kifua kikuu wakati makohozi ni hasi, na wengine wanafia kwenye dawa hizo. Toeni damu. Kisha muwatibu kama mnavyomtibu mtoto wa mwalimu mkuu. Mwenye uraibu akimaliza wiki zake bila kuunganishwa na kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kama ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, atarudi na mlango uleule ukiwa umeharibika zaidi. Nimesikia wodini maneno ambayo wagonjwa hawa huambiwa, na sitayarudia hapa. Yakome.

Mwisho, siku ya kuruhusiwa. Aliyeugua endokaditisi mara moja yumo hatarini maisha yake yote. Aende kwa daktari wa meno kabla hata hajafika nyumbani kama inawezekana, apige mswaki mara 2 kwa siku, na akienda kung'olewa jino apewe amoksilini gramu 2, dozi moja, dakika 30 hadi 60 kabla. Hivyo hivyo kwa mwenye mlango bandia. Watoto wa rumatiki wanaochomwa penisilini ya benzathini kila wiki 3 au 4 waendelee nayo bila kukosa, ila wazazi wao wajue kwamba sindano ile inazuia homa ya rumatiki isirudi. Haiwakingi na endokaditisi. Mama wengi wanadhani mtoto ameshakingwa, homa ikija wanatulia. Na mwandikieni kila mgonjwa kwenye jalada la daftari lake, kwa herufi kubwa, kwa wino mwekundu: HOMA YOYOTE, OTESHA DAMU KABLA YA DAWA. Atakapofika duka la dawa, muuzaji alisome hilo kabla ya kufungua kabati.

Maboksi ya chupa yako pale mlangoni. Kila kituo kichukue chupa 6, kisaini kwa mfamasia wa mkoa, na kitazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Namba ya simu ya maabara ya mkoa imebandikwa juu ya kila boksi. Kuna mtu wa zamu usiku. Asanteni kwa kunisikiliza. Naomba maswali yaanze na watu wa maabara.